Bakuli Safi Halimtaji Mlaji

"Bakuli safi halimtaji mlaji." Hivyo ndivyo alivyosema Bi Shemsa asubuhi ya leo, pale wenzake walipokuwa wakimsifu mama mmoja wa mtaa wa pili kwamba mtoto wake asiyeweza kutembea huonekana kila Ijumaa amepakwa mafuta na nguo zimepigwa pasi. Alisema maneno hayo, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kumchukua sheha, kiongozi wa mtaa wetu, wakaongozana hadi kwenye nyumba hiyo. Nyinyi mkabaki mnatazamana, kisha mkaja kuniuliza mimi: "Bibi, bakuli limeingiaje hapo?"

Liliingia kwa mlango wa mbele, wajukuu zangu, na kwa mlango huo huo likatoka, na kijiji kizima kikalipokea na kusema ahsante. Hemedi, weka hiyo simu. Methali nyingi tumezirithi kutoka kwa watu ambao hata majina yao hatuyajui, lakini hii ina watu wake, na makaburi yao nayajua. Ilizaliwa hapa hapa Mtondooni, mimi nikiwa bado tumboni. Aliyenisimulia ni mama yangu mzazi, Mize, naye mtamwona humo humo ndani ya hadithi. Basi kaeni vizuri, chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mzee akiitwa Ussi Vuai. Ujanani alikuwa mpanda mikarafuu, na kwa kupanda hakuwa na mwenzake. Alipenda mzaha na alipenda kuimba akiwa juu ya mti, mpaka wanawake waliokuwa chini wakichambua karafuu wakawa wanagombea kukaa karibu na mti wake. Mkewe alitangulia mbele ya haki na hawakujaaliwa mtoto. Uzeeni watu walimwambia ashuke awaachie vijana, akasema miti hiyo inamjua yeye. Msimu mmoja tawi likakatika, akaanguka, nyonga ikavunjika. Hakusimama tena kwa miguu yake.

Meno alikuwa hana hata moja. Tambuu ilikuwa imemaliza mengine na uzee ukamalizia yaliyobaki, na akicheka huoni ila ufizi mtupu kama wa mtoto mchanga. Likumbukeni hilo la meno.

Aliyemchukua ni mpwa wake, Arafa, binti wa dada yake. Arafa alikuwa na watoto wadogo, na mume aliyekwenda bara kutafuta maisha akasahau njia ya kurudi. Hata hivyo alimpokea mjomba wake bila kusita, akampa chumba cha nyuma, na watu wakamsifu kweli kweli. Msikitini alisifiwa, kisimani alisifiwa. Wazee wakawa wakiwaambia mabinti zao, "Muoneni Arafa, huyo pepo anaiona kwa macho." Sifa ni tamu, lakini ukishamvika mtu sifa nyingi huwezi tena kumuuliza swali. Hilo nalisema mimi, mama hakulisema.

Sasa, hapa kwetu mgonjwa wa mmoja ni mgonjwa wa wote. Wanawake wa kijiji wakapeana zamu za kumpikia Mzee Ussi, leo huyu, kesho yule. Kila siku baada ya adhuhuri bakuli lilipelekwa nyumbani kwa Arafa likiwa limefunikwa kawa. Ndani huwa na muhogo wa nazi, au wali na mchuzi wa samaki, au ndizi zilizopondwa. Arafa alilipokea mlangoni kwa mikono miwili, akashukuru. Kesho yake lilirudi limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa, na ndani yake mna ndimu chache au kishada cha asumini, maana bakuli la jirani halirudishwi likiwa tupu. Arafa hata siku moja hakuvunja ada hiyo. Wanawake walirudi nyumbani na ndimu zao wakiona raha moyoni: mzee kala, na wao wamepata thawabu.

Hakuna aliyeingia ndani. Si kwa ubaya, ni kwa adabu. Mwanamke ataingiaje chumbani kwa mwanamume asiye maharimu wake, tena aliyelala kitandani? Angeanzia wapi kulieleza jambo hilo? Wanawake wakaishia mlangoni.

Wanaume nao walikuwa na adabu yao. Mwanzoni Arafa alikuwa akimtoa mjomba wake barazani kila Ijumaa baada ya sala, akamvika kanzu safi na kofia, akamwegemeza kwenye mito. Rafiki zake walikuja kumsalimia, na wa kwanza wao alikuwa Makame Faki, waliyepanda naye mikarafuu tangu wakiwa vijana wa kuota ndevu. Makame humwambia, "Hujambo, yakhe?" Ussi hujibu, "Sijambo." "Habari za mwili?" "Njema, alhamdulillah." Arafa huwa amesimama mlangoni nyuma yao, mkarimu, akiuliza nani anataka kahawa.

Wakamwona anakonda. Kanzu ile ile ikaanza kumpwaya mabegani, shingo ikawa inaonekana mishipa, na mizaha yake ikapungua. Siku moja Makame alimshika bega akahisi mfupa mtupu. Akajiambia moyoni kwamba ndivyo ulivyo uzee, na kwamba nyonga ikivunjika mwili wote huifuata. Hakumuuliza Ussi anakula nini. Mwanamume kumuuliza mwenziwe amekula nini nyumbani kwa watu ni aibu, ataonekana yeye ndiye mwenye njaa, au anamsengenya mwenye nyumba.

Mmeona jambo hilo? Wanawake walilijua bakuli na hawakumwona mtu. Wanaume walimwona mtu na hawakulijua bakuli. Jioni walirudi nyumba moja wakalala kitanda kimoja. Mume akisema Mzee Ussi amekonda, mke akisema lakini chakula anakula vizuri, basi wote wawili hukubaliana kwamba ni uzee, wakazima taa. Mimi nikilifikiria hilo huwa nawaonea hasira watu waliokwisha kufa, na hasira hiyo hainisaidii kitu.

Baadaye Arafa akaanza kusema mjomba hawezi kutoka, upepo unamuumiza kifua. Wanaume wakija huwa kalala. Wakasema mwache apumzike, msalimie, wakaenda zao.

Hapo ndipo akaingia mama yangu. Mize alikuwa bi arusi mgeni, ameolewa kutoka ng'ambo ya pili ya kisiwa, na tayari alikuwa na mimba yangu. Alikaa na mama mkwe wake, Bi Kazija, bibi yangu mzaa baba, mwanamke mwenye heshima zake na mwenye kuiogopa aibu kuliko alivyomwogopa nyoka. Zamu ya kumpikia Mzee Ussi ilipowafikia, Bi Kazija akamwachia mkwewe apike ili watu wamjue.

Siku hiyo alikuwa na pweza. Mama yangu alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini mapishi ya pweza yalikuwa bado hayajamkubali. Hakumtwanga vya kutosha akalainika, akamtia jikoni kwa haraka kwa sababu adhuhuri ilikuwa imekaribia, akapakua bakuli la mzee kwanza, likaenda. Mumewe alipoketi kula, alitafuna kipande kimoja mpaka akachoka, akakitoa mdomoni akakitazama.

"Mize," akasema, "huyu pweza au soli ya kiatu?"

Baba yangu alikuwa kijana mwenye meno yote, na pweza huyo alimshinda akamwacha. Mama aliona haya usiku kucha akifikiria mzee wa watu asiye na meno, na bakuli gumu kama lile. Alijitayarishia maneno ya kuomba radhi. Kesho yake Arafa akaleta bakuli limeng'aa, na ndimu ndani, hata kipande kimoja hakikubaki.

"Mjomba kafurahi sana," Arafa akasema. "Kala chote, anakushukuru."

Mama akakisimulia kisa hicho kisimani kama mzaha, na wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mmoja akasema Mzee Ussi ameota meno ya pili. Mama naye alicheka. Kisha akajitwika ndoo yake, akaanza kwenda nyumbani, na njiani kicheko kikamtoka. Alipofika alimkuta Bi Kazija anachambua mchele.

"Mama, Mzee Ussi ana meno?"

"Ya wapi? Hana hata moja."

"Basi yule pweza wangu nani alimtafuna?"

Bi Kazija aliendelea kuchambua. "Labda alikatiwa vipande vidogo. Labda walikula watoto, yeye akapikiwa uji. Mwanangu, wewe ni mgeni. Nyumba ya mtu ni sitara yake. Usiende kuchungulia ndani ya sitara za watu."

Neno hilo sitara, wajukuu zangu, ni neno zuri na limefundishwa na dini yetu. Mtu akiteleza, mwenziwe amfunike, asimtangaze. Lakini Mzee Ussi hakuwa ameteleza kwa lolote. Walikuwa wakimfunikia mtu mwingine, na aliyekuwa chini ya kifuniko alikuwa yeye.

Mama akanyamaza, lakini macho hayakunyamaza. Kila alipopata sababu ya kupita pale alipita. Akaona dirisha la chumba cha nyuma limefungwa mchana wa jua kali, na karibu nalo palikuwa na harufu ya mkojo uliokaa. Akamwona Arafa anapokea bakuli la watu, na muda si mrefu watoto wakatoka nje midomo yao inang'aa mafuta. Zamu yetu ilipofika tena, mama alipika uji laini wa mchele na maziwa, akaomba amsalimie mzee kwa dirishani. Arafa akasema kalala. Lakini kutoka ndani mama alisikia mtu anakohoa, kikohozi cha aliye macho.

Alimwambia mumewe. Mumewe alikuna kichwa siku kadhaa, mwisho wakaenda wote wawili kwa sheha. Sheha wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Aliwasikiliza, akasema jambo hili lazima litazamwe, na ili Arafa asivunjiwe heshima akamtumia ujumbe mapema: Ijumaa baada ya sala tutakuja kumjulia hali mzee.

Mnacheka nini? Haya, chekeni. Ulikuwa ni ustaarabu wao.

Ijumaa wakaenda, sheha na wazee wengine, Makame Faki akiwamo. Wakakuta chumba kimefagiliwa, udi unafuka, Mzee Ussi kavalishwa kanzu na kufunikwa shuka mpaka kifuani. Pembeni pana bakuli la uji lililofika nusu. Arafa alisimama kichwani kwake akimrekebishia mto.

"Mzee Ussi, hujambo?" sheha akauliza.

"Sijambo."

"Unatunzwa vizuri?"

"Natunzwa, alhamdulillah."

"Chakula unapata?"

"Napata."

"Una lolote la kutuambia?"

Mzee Ussi hakumjibu sheha. Alimtazama Makame kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Yakhe, karafuu zimeshaanza kuchumwa?"

Makame akacheka. "Ah, Ussi! Kijiji kizima kinanuka karafuu, wewe unaniuliza kama zimeanza!"

"Kumbe," Mzee Ussi akasema, akafumba macho.

Wakacheka wote, wakaona mzee ni yule yule wa mizaha, wakanywa kahawa ya Arafa wakaondoka. Msimu ulikuwa katikati. Majamvi ya karafuu yalikuwa yameanikwa kila uwanja, hata chini ya dirisha lake, na yeye mpanda mikarafuu hakuzijua habari hizo. Makame alilipita swali hilo kama mtu anavyopita juu ya kitu kilichoanguka bila kuinama kukitazama.

Yaliyobaki mnaweza kubuni. Kijiji kilimgeukia Mize. Akaitwa mfitini, akaambiwa amekuja kutia doa kwenye nyumba ya mwanamke mwema. Kisimani walipomwona anakuja walinyamaza. Bi Kazija hakutoka nje kwa aibu. Mume naye, pamoja na mapenzi yake yote, akamwambia hapana budi aende kwa Arafa kuomba radhi, na aende na chakula mkononi ili watu waone. Mama akakubali. Akapika ndizi za nazi akaziponda mpaka zikawa laini kabisa, akatia kwenye bakuli, akafunika kawa, akaenda. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, akitembea ameshika kiuno.

Arafa alitoka mlangoni.

"Nimekuja kuomba radhi," mama akasema.

"Nimekusamehe," Arafa akajibu, akanyoosha mikono kulichukua bakuli.

Mama akampa. Kisha akafanya jambo ambalo mwenyewe alikuwa hajalikusudia hata alipokuwa njiani. Akakunja kanga yake, akakaa chini kwenye kizingiti.

"Sasa unafanyaje?" Arafa akauliza.

"Nalisubiri bakuli langu."

"Toka lini mtu akasubiri bakuli lake? Mimi mwizi wa mabakuli?"

"Hapana, dada. Mpe mjomba ale. Akimaliza nitaliondoa mwenyewe, nitaliosha mwenyewe."

"Mjomba kalala!"

"Basi nitasubiri aamke."

Arafa akapandisha sauti. Waliokuwa wakigeuza karafuu kwenye majamvi wakaacha kazi wakasogea. Kukaa kulisubiri bakuli ni tusi kubwa kwetu, ni kumwambia mtu mbele ya watu kwamba humwamini. Bi Kazija aliitwa, akaja mbio kanga imemteleza kichwani.

"Mize, inuka! Unatuaibisha!"

"Mama, nikiinuka mimi, atakaa nani?" Aliniambia kwamba mimi nilikuwa nampiga mateke tumboni kama niliyetaka kutoka kwenda nyumbani.

Makame Faki naye akawasili, akasimama mbele yake, mkali. "Binti, sisi tumeingia tumemwona. Kuna nini zaidi?"

"Baba, wewe ulimwona," mama akamjibu. "Sisi wanawake hatukumwona, sisi tunaleta bakuli tu. Kila siku bakuli linakuja hapa limejaa, na kila siku linarudi safi. Nami nilileta pweza aliyemshinda mume wangu mwenye meno yake yote, na bakuli likarudi halina hata kipande. Nakuuliza wewe uliyemshika bega. Yule ni mtu anayekula bakuli zima kila siku?"

"Kila siku?" Makame akauliza. Alikuwa hajui. Alijua wanawake hupeleka chakula, lakini hakuwahi kujua ni kingi kiasi gani. Akawageukia wanawake waliosimama pale. "Kila siku limejaa?"

"Kila siku," wakasema, mmoja baada ya mwingine, sauti zikididimia.

Hapo hapo, uso wake ukabadilika. Akageuza macho kwenye majamvi ya karafuu, kisha kwenye dirisha lililofungwa, akasema polepole, "Aliniuliza karafuu. Mimi nikamcheka."

Akavua viatu. Akapiga hodi moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakungoja kukaribishwa.

Sitawaelezeni yote aliyoyakuta. Kanzu nyeupe ilikuwa imetundikwa ukutani, inangoja wageni. Mwenyewe alikuwa amelala juu ya mkeka uliolowa, mgongo umechubuka vidonda, mikono imekuwa myembamba kama vijiti vya kuwashia moto. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa kamba kwa ndani. Makame alimbeba peke yake kama anavyobebwa mtoto, na waliokuwa nje walipoona jinsi asivyohema kwa uzito wanawake wakaanza kulia.

Arafa aliketi chini kwenye kizingiti kile kile, akalia naye.

"Wanangu walikuwa na njaa," akasema. "Kila siku mnamletea yeye, hakuna hata mmoja aliyeniuliza wangu wanakula nini. Nilianza kwa kuwagawia kidogo. Halafu nikaona akila kidogo anajichafua kidogo, nami nilikuwa nimechoka, nimechoka kuosha, nimechoka kumgeuza peke yangu. Halafu nikaona haya. Nikafunga dirisha."

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Njaa ya wanawe ilikuwa kweli, na uchovu wake ulikuwa kweli, na kijiji kilichompa sifa kila siku hakikumpa hata mtu mmoja wa kumsaidia kumgeuza mgonjwa. Lakini kamba ya dirisha aliifunga kwa mkono wake, na maneno ya "kalala" aliyasema kwa kinywa chake huku akimsikia mtu anakohoa. Mimi simsamehe wala simlaani. Mama alikuwa akimwombea dua, nami humwitikia amina kwa shida.

Vijana walimlaza Mzee Ussi juu ya kitanda cha kamba wakakibeba hadi barabarani, akapelekwa hospitali ya mjini. Madaktari walijitahidi. Makame alikaa naye, akimlisha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, akimfuta kidevu. Siku moja alipomwona ana nguvu kidogo akamuuliza lile lililokuwa linamla moyo.

"Ussi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza hujambo," Mzee Ussi akamjibu. "Watu huulizwa hujambo, hujibu sijambo. Ulitaka nijibu vipi, na mwenye nyumba kasimama kichwani kwangu? Ungekaa kidogo, wenzako wakaondoka, ningekuambia. Mimi nilikuwa nangoja ukae."

Mzee Ussi alifariki kabla ya karafuu za msimu ule kumalizika kukauka. Vidonda vilikuwa vimeshaingia ndani, na mwili ulikuwa umesahau kula.

Kwenye matanga wanawake walilia, na kama ilivyo desturi ya mtu aliyeumizwa na nafsi yake, walianza kujitetea. Mmoja akasema yeye alipika wali wa nazi, na bakuli lake lilirudi safi. Mwingine akasema yeye hakukosa zamu hata moja, na lake lilirudi safi. Wa tatu naye akaanza. Makame Faki, aliyekuwa upande wa wanaume nyuma ya pazia, akawasikia. Akasema kwa sauti iliyosikika pande zote mbili:

"Bakuli safi halimtaji mlaji. Nyinyi mlitazama bakuli hamkumtazama mtu. Sisi tulimtazama mtu, tukaogopa kuuliza bakuli. Ussi wetu kafa katikati."

Maneno ya mwanzo yakabaki midomoni mwa watu, wakawarithisha watoto wao, nao wakawarithisha nyinyi.

Arafa alipelekwa mbele ya sheria. Watoto wake wakagawanywa kwenye nyumba za kijiji, nyumba zile zile zilizokuwa zikipeleka mabakuli, wakala mpaka wakashiba. Mama aliwahi kuniambia kwamba siku alipomwona mdogo wao anakula jikoni kwa Bi Kazija alishindwa kukaa, akatoka nje. Kumbe chakula kilikuwepo cha wote, ilikuwa ni kuuliza tu.

Tangu hapo, Mtondooni, mtu akimpelekea mgonjwa chakula hukaa naye mpaka ale. Wanawake huenda na mume au kaka ikiwa mgonjwa ni mwanamume, na aibu hiyo imekwisha. Ukimjulia hali mtu asiyejiweza, unakaa mpaka ubaki naye peke yenu, kisha ndiyo unamuuliza. Moyo ukikuingia wasiwasi unakwenda kwa sheha au kwa watu wa ustawi wa jamii, na wao hawatumi ujumbe mapema. Ikiwa wasiwasi wako ulikuwa wa bure, utaomba radhi, na radhi huombwa kwa mtu aliye hai.

Mama yangu alisifiwa kwa kisa hiki maisha yake yote. Wageni walioletwa nyumbani waliambiwa, huyu ndiye Mize aliyekaa kizingitini. Yeye hakuipenda sifa hiyo hata kidogo, na wakishaondoka alikuwa akikaa kimya, kisha ananiambia mimi maneno yale yale, mpaka mwaka aliokufa. "Mimi nilijua siku ya pweza, mwanangu. Nilikaa siku ya radhi. Baina ya siku hizo nililala, nikaamka, nikapika, nikacheka kisimani, na kila siku hiyo mtu alikuwa nyuma ya dirisha ana njaa, na bakuli langu liko jikoni limeng'aa, nalitazama."

Bakuli safi halimtaji mlaji.